Kupanga nyumba Jinja: tazama mita kabla ya sebule

Jinja, Uganda, bado unapata vyumba viwili vyenye choo ndani bila kutoa bei ya Kampala. Kinachouma ni malipo ya kuingilia. Chukua nyumba ya shilingi 400,000 kwa mwezi: mwenye nyumba akitaka miezi mitatu mbele na amana ya mwezi mmoja, dalali naye akadai kodi ya mwezi, zimekutoka 2,000,000 kabla hujanunua pazia. Pesa ya kutembezwa na dalali kuona nyumba ni nyingine, na hairudi. Ulizeni mapema inahusu nyumba ngapi.

Sasa umeme. Kwenye Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ya nyumbani, yuniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa 250 kila moja, zinazofuata, hadi ya 80, hupita 700. Nafuu hiyo ni ya mita, si ya mpangaji. Wapangaji wanne wa mita moja hugawana hizo 15, hivyo kila mmoja hupoteza kama 5,000 na ushei kwa mwezi. Si pesa ya kuhamia nyumba ghali. Sababu ya kutaka mita yako ni amani: mwenye friji na mwenye balbu mbili hawatakubaliana kamwe kuchanga sawa.

Maji ndiyo mtego mbaya zaidi, kwa sababu deni la NWSC, shirika la maji la taifa, hubaki kwenye akaunti ya nyumba hata aliyelilimbikiza akihama. Omba namba ya akaunti, iingize kwenye simu kama anayetaka kulipa, usome salio. Jaribu pia bomba la ghorofa ya juu asubuhi, watu wote wanapochota. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani jerikani 50. Ukiletewa mlangoni kwa 200 kila jerikani, umelipa 10,000 kwa yuniti hiyo moja.

Njeru, ng'ambo ya Nile, huvutia kwa kodi. Lakini boda ya 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku 26, ni 104,000. Anayefanya kazi mjini atafute kwanza Walukuba, mtaa wa Jinja kwenyewe.

Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inazuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mkataba wenye thamani ya kuanzia 500,000 lazima uandikwe. Wa chini ya hapo uandikeni pia, mkiweka namba za mita zilivyosomeka siku ya kukabidhiana funguo.