Uzoefu wangu: seti ya vichujio vya kijani kwa taa za ndani ya gari

Seti hii nimeitumia kwenye gari la kutazamia wanyama usiku, ambamo walio ndani na walio nje wote wanatumia vifaa vya kuonea gizani. Karatasi ya kichujio ni nzuri kweli na balbu ni nzuri kiasi, lakini maelezo yaliyomo ndani ya boksi yanapotosha. Ukiyafuata yalivyo, gari litakuwa giza machoni pako huku kwenye darubini ya mwenzako likiwaka kama karabai.

Ndani ya boksi kuna karatasi mbili za kichujio za ukubwa wa A4, balbu 10 za LED za kijani za saizi ndogo ya T5 kwa ajili ya dashibodi, 4 za saizi kubwa zaidi ya T10, mbili za mrija za milimita 31 kwa taa ya darini, na utepe wa aluminiamu.

Kosa la kwanza la maelezo ni kudai kwamba unaweza kubandika karatasi na kuziacha balbu za zamani mahali pake. Usifanye hivyo. Jicho la binadamu linaishia karibu na nanomita 700, lakini mrija wa kizazi cha tatu, yaani kiini cha kifaa cha kuonea gizani kinachokuza mwanga, unaona hadi karibu 900, na huko ndiko uwezo wake ulikojaa. Balbu ya waya hutoa sehemu kubwa ya nishati yake kama infraredi (mwanga ulio nje ya nyekundu, usioonekana kwa macho), kwa hiyo mwanga mdogo unaouona wewe ni mkia tu wa mnyama mkubwa. Plastiki ya rangi ya kawaida, kama ile ya taa za jukwaani, huzuia rangi unazoziona na kuiachia infraredi ipite. Ukiongeza tabaka la pili na la tatu, unajipunguzia wewe mwanga tu, si mwenzako mwenye darubini. Karatasi ya seti hii inafyonza sehemu kubwa ya infraredi, lakini joto la balbu ya watt 5 linaikunja na kuichubua kabla haijamaliza kazi yake.

Kuijaribu ni rahisi. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele ya simu, ambayo mara nyingi haina kichujio kikali cha infraredi, ubonyeze kitufe huku karatasi ikiwa katikati. Kwa plastiki ya kawaida nukta nyeupe inamweka kana kwamba hakuna kitu mbele yake. Kwa karatasi hii inafifia hadi karibu kupotea. Fanya jaribio hili kabla hujakata hata kipande kimoja.

Basi toa kwanza balbu zote za waya. LED ya kijani hutoa mwanga katika ukanda mwembamba karibu na nanomita 525 na infraredi yake ni kidogo mno. LED nyeupe haifai sana, kwa sababu unga wake wa njano unamwaga mwanga hadi kwenye nyekundu. Ukibadilisha na balbu ikakataa kuwaka, igeuze: LED ina upande wa chanya na wa hasi. Kama gari lako lina skrini yenye LED nyeupe nyuma yake, huna la kubadilisha. Shusha mwanga hadi mwisho, kisha weka karatasi juu yake.

Wengi hukosea kwenye kukata. Kata kipande kizidi dirisha la geji kwa milimita 3 kila upande, kisha ziba kingo kwa utepe wa aluminiamu. Mwanya wa upana wa sindano pembeni unaweza kuvujisha mwanga mwingi kuliko eneo lote la karatasi. Usitumie plastiki nyeusi yoyote unayoiokota: baadhi yake, kama vile kidirisha cha mbele cha rimoti, ni nyeusi kwa macho lakini inapitisha infraredi. Aluminiamu haina ubishi.

Kasoro inayoudhi zaidi ni mng'ao wa taa ya darini ikiwa imezimwa. Magari mengi huacha mkondo mdogo wa umeme ukipita kwenye waya za milango. Balbu ya waya haiuhisi, lakini LED inawaka hafifu, na mrija wa kuonea usiku unaufanya ule mng'ao uonekane waziwazi. Funga rezista ya kilo-ohm 1 ya nusu watt sambamba na balbu, au toa kabisa fyuzi ya taa za ndani. Mimi nachagua fyuzi, maana inazima pia taa za milangoni na za buti, ambazo mlango mmoja tu ukifunguliwa zinaharibu kazi yote.

Sasa jambo ambalo boksi halilisemi hata kidogo. Mwanga wa kijani ulipata sifa kwenye ndege, kwa sababu miwani ya kuonea usiku ya marubani ina kichujio kinachokata mwanga ulio chini ya nanomita 625, au 665 kwa kichujio cha daraja B, kwa mujibu wa kiwango cha Marekani cha MIL-STD-3009. Miwani ya watu wa ardhini kwa kawaida haina kichujio hicho, kwa hiyo kijani chako inakiona vizuri tu. Karatasi hii inapunguza uvujaji wa infraredi, haikufanyi usionekane. Kinachoficha ni uchache wa mwanga: geji isomwe kwa shida kidogo, na mapazia meusi yashushwe kwenye vioo vya pembeni. Taa nyekundu ndiyo mbaya kuliko zote hapa, ingawa ndiyo inayolinda jicho lako lililozoea giza. Tandaza pia kitambaa cheusi kisichong'aa juu ya dashibodi, kwani kioo cha mbele kinarudisha picha ya geji nje na ndani vilevile.

Kagua na vyanzo vingine: taa ya chaja ya USB, kamera inayomfuatilia dereva (ina LED za infraredi zake), na simu inayotambua uso, ambayo nayo mara nyingi hutoa infraredi unapoifungua. Dhidi ya kamera za joto seti hii haina msaada wowote.

Taa za onyo za mafuta na breki zisifunikwe kwa namna ya kudumu. Kwa hizo nimebandika karatasi kwa upande mmoja tu ili ifunguke kama kifuniko, na gari likianza safari barabarani kifuniko kinainuliwa, fyuzi inarudishwa, mapazia yanapandishwa. Gundi ya karatasi haipendi jua la mchana, hivyo baada ya wiki chache pembe huinuka. Futa kioo kwa spiriti kabla ya kubandika upya.