Mwaka mzima na Valgrind, ASan na TSan hapa Kisumu: ripoti yangu

Wale mnaandika C na C++ na mko huku western, hii ni yenu. Nimetumia Valgrind na zile sanitaiza za kompaila (ASan na TSan), vifaa vya kutafuta makosa ya memori na ya thredi ndani ya programu, karibu mwaka mmoja sasa, kwa kazi ya ukweli sio ya darasani, na nataka niwaambie wapi zimeniokoa na wapi zimenichosha. Niseme mapema kabisa, kama programu yako iko na thredi zaidi ya moja, yaani kazi kadhaa zinakimbia pamoja ndani yake, na inagusa pesa ya mtu, usiipeleke kwa mteja kabla hujaipitisha hapa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna bichi moja ya wavuvi hapa karibu na Kisumu, jakom (mwenyekiti) wa pale alitaka mizani ya samaki iunganishwe na kompyuta ndogo ndio mvuvi akipima, vikundi vya akina mama wanaonunua wapate risiti pale pale, jina la kikundi, aina ya samaki, kilo na pesa. Nikachukua Raspberry Pi 4, nikaandika C++ yenye thredi tatu: moja inasoma mizani kupitia waya wa serial, ya pili inachapisha risiti, ya tatu inatuma rekodi kwa seva netiweki ikipatikana. Nyumbani ikafanya kazi vizuri sana. Bichi ikaanza shida mbili. Ya kwanza, inakufa yenyewe, saa zingine baada ya dakika kumi, saa zingine inamaliza siku mbili bila neno. Ya pili ndio iliniuma zaidi, mama mmoja alinunua ngege kilo 7, risiti ikatoka na jina la kikundi chake lakini kilo 19 za mwenzake aliyekuwa nyuma kwa foleni. Alinishikia ile karatasi akaniambia, "Mwanangu, hizi kilo si zangu, na mimi sina pesa ya kulipia samaki sijabeba." Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo.

Nilifanya vile wengi wetu hufanya, nikajaza printf, ile amri ya kuandika ujumbe kwa skrini, kila mahali. Na ukijaza printf kwa programu ya thredi unaharibu ushahidi, juu zile printf zinabadilisha mwendo wa thredi, moja inachelewa kidogo, nyingine inatangulia, na bagi, yaani kosa lenyewe, inajificha. Ukizitoa inarudi. Nilipoteza wiki mbili hivo.

Ndio nikaweka Valgrind. Kwa Ubuntu ni apt install valgrind tu, ni ya bure, na kwa Windows haiko, hapo itabidi utumie WSL, ile Linux inayokimbia ndani ya Windows. Alafu jina linasomwa val-grind na ile "i" yetu ya kawaida ya Kiswahili, sio "graind", wenyewe wameandika hivo kwa maswali yao. Limetoka kwa hadithi za zamani za watu wa Skandinavia, ndio lango la Valhalla. Aliyeianzisha ni Julian Seward, huyo huyo aliyeandika bzip2, na imekuwa mikononi mwa watu tangu 2002.

Kitu imenifurahisha ni kwamba huhitaji kukompaili upya ndio ifanye kazi. Inachukua programu yako vile iko, inaiendesha ndani ya prosesa ya kubuni, kila amri inapita kwa mikono yake kwanza. Kifaa chake kikuu, Memcheck, kinaweka daftari la kila baiti ya memori, kama una ruhusa ya kuigusa, na daftari lingine la kila biti, kama imewahi kupewa thamani. Ukompaili na -g tu ndio ikutajie faili na mstari. Nilipoiwasha mara ya kwanza, haikumaliza dakika tano ikaniambia nimeandika baiti moja mahali si pangu, mara tu baada ya kipande cha baiti 24 nilichokiomba mwenyewe, na ikanitajia mstari nilipokiomba.

Nikaangalia ule mstari nikajua. Nilikuwa naomba memori sawa na urefu wa jina la kikundi, nikasahau ile baiti moja ya mwisho ya kufunga maneno. Sasa skizeni vizuri, juu hapa ndio nilielewa kwa nini ilikuwa inakufa bila mpango. Kwa Linux ya biti 64, malloc (amri ya kuomba memori) ya glibc, maktaba ya C ya Linux, haikupei idadi kamili unayoomba, inakupea vipande vya 24, 40, 56 na kuendelea. Ukiomba 19 unapewa 24, kwa hivyo baiti yangu ya ziada ilikuwa inaangukia mahali patupu na hakuna anayeumia. Lakini kikundi kikiwa na jina la herufi 24 kamili pamoja na nafasi, ile sifuri ya kufunga maneno inaanguka juu ya namba inayosema kipande cha jirani kina ukubwa gani. Na programu haifi hapo! Inaendelea na kazi kama kawaida mpaka siku malloc itakapofika kwa kile kipande cha jirani, ndio inakufa, kwa mstari mwingine kabisa ambao hauna makosa yoyote. Ni kama mashua iliyotobolewa ufuoni ikazama katikati ya ziwa, alafu wewe unatafuta tobo kwa mawimbi. Valgrind inakurudisha ufuoni.

Ikanipatia ya pili ambayo sikuwa nimeiona hata. Ile namba ya kutoa uzito wa karai kwa mizani, sikuwa nimeipa thamani ya kwanza, kwa hivyo kipimo cha kwanza baada ya kuwasha kilikuwa kinategemea takataka yoyote iliyokuwa kwa memori. Memcheck haikupigii kelele ukinakili tu hiyo takataka, inangoja mpaka uitumie kuamua jambo, kwa if ama kwa kuituma nje, na ukiongeza --track-origins=yes inakuonyesha ilizaliwa wapi. Hii peke yake ingenifanya nipee Valgrind nyota zote.

Lakini ni pole. Wenyewe wanasema tarajia programu yako iende polepole mara 20 hadi 30, na kwangu ilikuwa hivo kweli. Shida ni kwamba mizani haikungoji. Nilikuwa nimeweka mizani ikikosa kujibiwa kwa sekunde 2 laini inakatwa, na chini ya Valgrind ikawa inakatwa kila wakati. Ikabidi niandike kiprogramu kidogo cha kujifanya mizani, kinasoma vipimo nilivyorekodi bichi na kuvituma kwa mwendo ninaotaka. Fanyeni hivo mapema, msingoje kama mimi, juu bila hicho utakuwa unabeba laptopu kwa pikipiki mpaka bichi kila siku na stima huko si ya kutegemea.

Sasa ile ya kilo kubadilishana. Memcheck haikusema kitu, na haikukosea, juu hakuna memori iliyoguswa vibaya. Kila thredi ilikuwa inagusa mahali ina ruhusa, ila zilikuwa zinagusa pamoja. Ni kama karani anaandika kwa kitabu na mwingine anasoma begani kwake kabla mstari haujaisha, anachukua jina la huyu na kilo za yule. Na Valgrind kwa asili yake inaruhusu thredi moja tu kukimbia kwa wakati mmoja, kwa hivyo ukingoja tu uone risiti mbaya ikitokea chini yake unaeza ngoja sana.

Ndani ya Valgrind kuna vifaa viwili vya hii kazi, Helgrind na DRD. Mimi nilianza na Helgrind. Haingoji ajali itokee, inafuatilia ni kufuli gani (kile kinachozuia thredi mbili kugusa kitu pamoja) thredi ilishika na nini kilitangulia nini, na ikiona sehemu mbili zinagusa kitu kimoja bila mpangilio wowote kati yao inakuambia, hata kama siku hiyo matokeo yalikuwa sawa. Ilinionyesha ile rekodi ya "mzigo wa sasa" niliyoiacha wazi katikati ya thredi ya mizani na ya printa. Lakini ilinionyesha pia mambo mengine mengi ambayo hayakuwa makosa, juu Helgrind inaelewa kufuli za pthread, maktaba ya kawaida ya thredi kwa Linux, ukitumia std::atomic, ile njia ya C++ ya kugusa thamani kwa pamoja bila kufuli, haioni huo mpangilio na inapiga kelele. Nilikuwa na kurasa za kelele. Hapo nilichoka kabisa.

Nikahamia TSan, yaani ThreadSanitizer, hiyo iko ndani ya GCC na Clang, unaongeza -fsanitize=thread ukikompaili na kulinki. Hii inaelewa atomiki. Ripoti yake ndio nzuri kuliko zote nimewahi kusoma: inakupea pande mbili za ugomvi, thredi hii iliandika baiti 8 hapa mstari huu, thredi ile ilisoma hizo hizo baiti pale mstari ule, na kila thredi ilizaliwa wapi. Ilichukua labda nusu saa kurekebisha, nikaweka kufuli moja na printa ikawa inachukua nakala nzima ya rekodi kwanza ndio iende kuchapa. Alafu kwa haraka yangu nikaweka kufuli ya pili kwa foleni ya kutuma, thredi moja inashika A kisha B, nyingine B kisha A, na TSan ikanionya juu ya mpangilio wa kufuli kabla programu haijakwama hata mara moja. Hiyo ingekwama bichi asubuhi samaki wakiwa juani. Bado naifikiria.

Bei ya TSan ni memori. Wanasema mara 5 hadi 10, na mwendo unapungua mara 5 hadi 15. Pi yangu ya RAM GB 1 haikuweza, ilikuwa inauawa na mfumo, kwa hivyo niliendesha kwa laptopu na ile mizani ya kujifanya. Na inaona tu njia ambazo programu imepita. Kama testi zako haziendi kwa ile sehemu ya netiweki ikipotea, TSan haitaiona.

ASan nitasema kwa ufupi, AddressSanitizer, ya watu wa Google. Kwa karatasi yao ya 2012 waliandika inaongeza muda wa kukimbia kwa asilimia 73 kwa wastani, na ukitoka kwa Valgrind unaona kama haijawashwa. Inashika pia ukivuka mipaka ya safu iliyo kwa staki (memori ya muda ya fankshoni), Memcheck hapo haioni. Lakini haishiki takataka ya thamani isiyowekwa, na kosa la kwanza tu inasimamisha programu, Valgrind inaendelea. Huwezi kuiwasha pamoja na TSan, wala kuiendesha ndani ya Valgrind, kwa hivyo mimi nina bildi tatu: ya kawaida kwa Valgrind, ya ASan nikiwa naandika kila siku, ya TSan kila nikigusa kufuli.

Na tafadhali, msinyamazishe onyo mkiwa hamjalielewa. Mwaka 2006 huko Debian, moja ya Linux zinazotumika sana, mistari fulani ya OpenSSL, maktaba ya kuficha siri kwa mtandao, ilitolewa juu Valgrind na kifaa kingine kinaitwa Purify vilikuwa vinalalamika kuhusu memori isiyo na thamani, kumbe moja ya hiyo mistari ndio ilikuwa inaleta ule ubahatishaji wa kutengeneza funguo za siri. Ikabaki namba ya prosesi peke yake, funguo za kila aina zikawa 32,768 hivi zinazowezekana, na ilijulikana Mei 2008. Kifaa kilisema kile kilichoona. Kujua maana yake ni kazi yako.

Na kwa anayeona hizi resi za thredi, yaani thredi kugusa kitu kimoja pamoja bila mpangilio, ni mambo ya vitabuni, ile giza kubwa ya Marekani na Kanada ya tarehe 14 Agosti 2003, watu karibu milioni 50, ndani yake kulikuwa na programu ya kengele iliyokwama kwa sababu ya resi kama hii, waliokuwa wamekaa mbele ya skrini hawakujua laini zinaanguka. Mimi yangu ilikuwa kilo 12 za ngege, lakini kwa yule mama zile kilo 12 zilikuwa faida ya wiki.

Nyota zangu basi: Memcheck 5 kwa 5, polepole na yote. TSan 5, ukiwa na RAM. ASan 4 na nusu. Helgrind 3, ila kwa programu ya C tupu na pthread ningeipandisha hadi 4. DRD sijaitumia vya kutosha kuipa.

Mama nilimlipia ile tofauti mimi mwenyewe, na jina la kikundi chao, maana ndilo lile lenye herufi 24, limekuwa testi ya kwanza kwa kila bildi ninayotoa.