Seramu za mimea zenye "nano": ipi uweke hela yako na ipi uiache dukani

Kila duka la vipodozi saa hivi, kuanzia Kariakoo mpaka yale ya Instagram, lina seramu ya manjano, ya chai ya kijani, ya vitamini C, alafu nyingi zimebandikwa neno nano na bei imepanda kwa sababu ya hilo neno tu. Msimamo wangu nauweka mapema: jina la mmea lililoandikwa mbele ya chupa ndio kitu cha mwisho kuangalia. Cha kwanza angalia antioksidanti, yaani kile kiambato cha ndani kinachokinga ngozi, imehifadhiwaje na itaingiaje kwenye ngozi, maana ikishaharibikia kwenye chupa, au ikibaki juujuu mpaka ukanawa uso jioni, basi umelipia rangi na harufu.

Shida iko hivi. Antioksidanti kazi yake ni kujitoa yenyewe ili izime zile chembe haribifu zinazoletwa na jua na moshi, kwa hiyo kwa asili yake ni kitu kinachoharibika upesi, hewa ikiigusa inaanza kuisha hukohuko kwenye chupa, kama parachichi lililokatwa likaachwa mezani. Na ngozi nayo ina lile tabaka la juu kabisa, seli zilizokufa zimebanana na mafuta katikati, jembamba mno lakini linazuia karibu kila kitu. Wataalamu wana kanuni ya dalton 500 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), molekuli ikizidi hapo kupenya inakuwa shughuli. Kurkumini ya kwenye manjano ina 368, kwa ukubwa haina tatizo, ila kwenye maji haiyeyuki. EGCG, ile antioksidanti kuu ya chai ya kijani, ina 458, iko karibu na mpaka, tena inapenda maji wakati lile tabaka linapenda mafuta.

Hapo ndio nanoemulsheni inapokuja. Wanachukua mafuta yaliyobeba hiyo dawa ya mmea, wanayavunjavunja ndani ya maji kwa mashine ya presha kubwa au mawimbi ya sauti mpaka yanakuwa vitone vya nanomita 20 hadi 200 hivi (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), wakati unywele mmoja unene wake ni karibu nanomita 80,000, alafu kila kitone kinazungushiwa kiunganishi, yaani kitu kinachopatanisha mafuta na maji, ili vitone visirudi kuungana vyenyewe kwa vyenyewe. Kinachopatikana ni kwamba dawa isiyokubali maji inakaa ndani ya maji vizuri, na vitone vidogo vinagusa sehemu kubwa zaidi ya ngozi. Hili halifanyiki jikoni kwa blenda wala kwa kutikisa chupa, kwa hiyo anayekuambia anaitengeneza mwenyewe nyumbani muulize ana mashine gani.

Sasa tupange.

Namba moja kwangu wala sio nano. Ni vitamini C halisi, ile ya L-ascorbic acid, asilimia 15, pamoja na vitamini E asilimia 1 na asidi ya feruliki asilimia 0.5, hii feruliki ni antioksidanti inayopatikana kwenye pumba za mchele na mimea mingi tu. Timu ya Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilionyesha mwaka 2005 kwamba ukiongeza feruliki, kinga ya ngozi dhidi ya jua inatoka kama mara nne kwenda mara nane. Seramu iliyotokana na kazi hiyo ni C E Ferulic ya SkinCeuticals, bei yake imechangamka haswa, ila zipo za bei nafuu zenye mchanganyiko huohuo na sioni haja ya mtu kujinyima kwa ajili ya jina. Usidanganywe na asilimia 30, ikishapita 20 ngozi hainyonyi zaidi. Inatakiwa iwe na pH (kipimo cha uchachu) chini ya 3.5 kwa hiyo itawasha kidogo. Rangi iwe kama maji au njano hafifu, ukiona imefika chungwa au kahawia rudisha. Paka asubuhi, alafu sanskrini juu yake, hii haichukui nafasi ya sanskrini hata siku moja.

Namba mbili ndio nanoemulsheni, lakini iwe ya vitu vinavyokataa maji: kurkumini, vitamini E, resveratroli ya zabibu, laikopini ya nyanya. Hapo nano ina maana na hela yako ina sababu. Nano ya vitamini C ya kawaida, ambayo yenyewe inayeyuka kwenye maji, kwangu sio hoja ya kuongeza bei. Unaikaguaje sasa? Inua chupa kwenye mwanga (kama ni ya kioo cheusi dondosha kidogo kwenye kisahani cheupe). Vitone vikiwa vidogo kweli kimiminika kinaonekana angavu, au kina ukungu wa bluu kidogo pembeni, kikiwa cheupe kama maziwa vitone ni vikubwa zaidi. Angalia na shingo ya chupa, ukikuta mduara wa mafuta umejikusanya pale juu basi vitone vimeanza kuungana, na kwenye joto la Dar au Mombasa hilo linakuja mapema, chupa iliyokaa dirishani mwa duka achana nayo. Tone moja kwenye glasi ya maji litawanyike lote bila kuacha mafuta yanayoelea. Hiyo haithibitishi kwamba ni nano, ila likielea tu umeshapata jibu.

Alafu geuza nyuma usome viambato, vimepangwa kuanzia kingi kwenda kidogo. Tafuta phenoxyethanol. Ni kihifadhi ambacho Ulaya mwisho wake ni asilimia 1, kwa hiyo mmea uliotajwa baada yake kwa kawaida hauzidi hapo. Kurkumini yenye nguvu, hata ikiwa kidogo tu, inaweza kutosha, lakini "juisi ya mmea" mkiani mwa orodha ni mapambo. Utaona pia polysorbate 80 au lecithin, hivyo ndio viunganishi, na nano inavihitaji kwa wingi kuliko krimu ya kawaida, wenye ngozi inayowashwa upesi wajaribu kwanza kwa ndani ya mkono siku kadhaa. Ngozi zetu nyeusi muwasho mdogo unaacha doa la miezi. Na msitegemee neno nano kwenye orodha ya viambato, sheria ya Ulaya inalidai kwa chembe ngumu zisizoyeyuka, vitone vya mafuta havimo, kwa hiyo lisipokuwepo sio dalili ya uongo. Chupa ichague ya pampu isiyoingiza hewa.

Namba tatu, jeli za chai. Zinatuliza ngozi yenye chunusi, hazina mafuta, na sisi wa ukanda huu tuna bahati, Kenya walitoa mche wa chai ya zambarau TRFK 306 mwaka 2011, una anthosiyanini, antioksidanti zinazoupa hiyo rangi ya zambarau, ambazo chai ya kijani ya kawaida haina kwa kiasi hicho. Ikiwa kahawia tangu dukani, iache.

Namba nne mafuta ya ubuyu na ya mlonge yaliyokamuliwa bila moto. Bei rahisi, yanalainisha vizuri sana usiku, ila usitegemee yafanye kazi ya seramu.

Ya mwisho kabisa ni krimu ya manjano kwenye kopo la mdomo mpana. Kila ukifungua hewa na mwanga vinaingia, vidole vinaingia, na kurkumini mwanga unaiua.

Na zile zinazoahidi kung'arisha uso kwa wiki moja hazipo hata kwenye hii orodha, hata ziandikwe mimea tupu, huo ni mkorogo wenye jina jipya na ndani mara nyingi kuna zebaki au haidrokwinoni, dawa ya kuchubua ngozi. Tanzania vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, Kenya ni KEBS, tafuta alama yao kwenye boksi. Ndimu usoni alafu ukatoka juani pia hapana, inaunguza na kuacha madoa meusi. Muuzaji akikosa orodha ya viambato akabaki kusema "ni nano ya mimea kutoka nje dada", mrudishie chupa yake.