M*A*S*H: zima kicheko kwanza

Ukipata diski za M*A*S*H, tamthilia ya vichekesho ya televisheni ya Marekani, kabla hujabonyeza kitu kingine nenda kwenye menyu ya sauti uzime kicheko. Mimi nimemaliza diski nne sijui kama kinazimika, na nusura nilirudishe boksi lote kwa binti yangu aliyenitumia kutoka Dar. Kila mtu akifungua mdomo, watu wasioonekana wanaangua kicheko. Mzee wangu aliuliza kama hao wanaocheka wamelipwa.

Boksi lenyewe ni zito, lina misimu 11 na vipindi 256. Kila kipindi ni kama dakika 25, kasoro cha mwisho ambacho ni filamu kamili. Hicho kilirushwa tarehe 28 Februari 1983, na Wamarekani zaidi ya milioni 100 walikaa mbele ya televisheni kukitazama. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo anayetaka muvi ya kutafsiriwa na madijei asijisumbue. Deki yangu ya Kichina imezicheza diski zote bila kugoma.

Ni habari za madaktari na manesi wa jeshi la Marekani kwenye Vita vya Korea. Wako kwenye hospitali ya mahema, namba 4077, ya kufunga virago na kuhama mapigano yakisogea. Majeruhi wanaletwa na helikopta ndogo, machela zimefungwa nje ubavuni, mgonjwa anapigwa upepo njia nzima. Vita yenyewe ilikwenda miaka 3, kuanzia 1950 hadi 1953. Tamthilia ilikwenda 11, kuanzia 1972. Mzee anasema bila shaka walikuwa wanakula posho.

Mimi nimestaafu unesi. Miaka 27 nimesimama thieta, hospitali tatu tofauti za huku kusini, na ndiyo maana nikaitazama hii kwa jicho la ukali. Nilitaka kuona watakosea wapi. Damu unaiona kwenye aproni na glovu, tumboni huingizwi, hiyo naielewa, ni televisheni ya wakati ule. Lakini maneno yale! Hawkeye, yule daktari mrefu anayechezwa na Alan Alda, mikono iko ndani ya mtu na mdomo haufungi. Anatania nesi, anatania jenerali, anatania chakula cha kantini. Binti yangu alidhani mimi nitachukia. Nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa nawakumbuka watu wangu.

Kuna usiku mmoja, msimu wa korosho, lori lililobeba watu juu ya magunia lilipinduka. Tuliletewa saba kwa mpigo. Tukiwa na wa tatu mezani, mzee wa makamo, amechomwa sindano ya mgongo kwa hiyo yuko macho, umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa, ikakohoa mara mbili, ikafa. Dizeli ilikuwa imeandikwa kwenye vitabu, kwenye tangi haikuwepo. Mhudumu akashika tochi, mimi nimeshika mkasi, giza tupu pembeni. Yule mzee akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Daktari, mmezima taa au ndiyo nimekufa?" Daktari hakuinua hata kichwa. Akamjibu: "Tulia mzee wangu, huko nako mafuta yameisha."

Hakuna aliyecheka. Mkono wa mhudumu uliokuwa unatetemeka na tochi ukatulia, basi, kazi ikaendelea. Tulicheka siku ya pili yake, tunakunywa chai, tukacheka mpaka sista mkuu akaja kutufukuza.

Sasa hebu nipachikie kicheko cha watu mia kwenye usiku ule uone kama hutanikera. Walioitunga waliliona hili. Larry Gelbart na wenzake hawakukitaka kicheko, ila wenye kituo, CBS, walisema vichekesho lazima vichekewe. Wakavutana, wakakubaliana nusunusu: kicheko kiwepo, lakini madaktari wakiwa wanapasua kisisikike. Uingereza, BBC waliirusha bila kicheko kabisa. Ukikizima hata wewe, utaona tamthilia imebadilika. Utani unabaki unaning'inia hewani, na nyuma yake unasikia vyuma vinagongana kwenye beseni.

Kwetu huku jambo hili lina jina. Mtani akija msibani anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea akilewa, anazuia watu wasichimbe kaburi mpaka apewe chochote. Mfiwa anatabasamu na machozi yako palepale. Hakuna anayemwona mtani kuwa hana adabu, adabu yake ndiyo hiyo. Hawkeye ni mtani, na msiba wake hauishi, kila helikopta inashusha mwingine.

Kipindi nitakachokutajia ni cha mwisho wa msimu wa tatu, cha mwaka 1975. Mkuu wa hospitali, Henry Blake, mpole, hajui kufoka, ameruhusiwa kwenda nyumbani. Wamemuaga, wamemnywesha, ameondoka. Wengine wamerudi thieta. Anaingia Radar, karani wao, kijana mwenye miwani, na mimi kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba hana barakoa. Nikasema kwa sauti, "Barakoa!", na palepale daktari mmoja naye akamwambia avae. Hakuvaa. Akasoma karatasi: ndege ya Henry imedunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakupona mtu. Kuna chombo kikaanguka chini, kikalia. Halafu wakainama tena mezani, maana aliyelala pale hamjui Henry na tumbo lake bado liko wazi.

Nilizima deki. Nikaenda kuanua nguo.

Kero ninazo pia. Misimu ya mwanzo manesi ni wa kukimbizwa tu, leo huyu kesho yule, wengi hata jina hawajapewa. Margaret Houlihan, nesi mkuu, ndiye mwenye nidhamu kuliko wanaume wote pale, na miaka ya mwanzo wanamfanya kichekesho. Baadaye wanamrekebisha, anakuwa mtu, na Loretta Swit anamcheza vizuri mno. Nesi Kellye yuko pembeni miaka nenda miaka rudi, wanamkumbuka na kumpa kipindi chake msimu wa 11! Huko ndiko kustaafu na cheti cha utumishi bora.

Wakorea wenyewe nao wanapita kama wapita njia, wakati nchi ni yao. Hapo nilimkumbuka mama mkubwa. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na hospitali yao hapahapa Mtwara, ikiitwa kwa jina la Dk. Américo Boavida, na yeye alifua mashuka ya majeruhi. Alinifundisha kwamba damu hailoweki kwa maji ya moto, inashika, unaanza na ya baridi. Vita kwake ilikuwa beseni. Watu wa namna yake kwenye diski hizi ni wachache, na ningependa kuwaona zaidi.

Mzee wangu yeye ana mapenzi yake. Kwanza Klinger, askari anayevaa magauni ili aonekane kichaa arudishwe kwao. Mzee anamwita mdimu, yaani mcheza ngoma anayevaa kinyago, anasema kwa Wamakonde huyo angecheza ngoma vizuri tu na tumbo la mbao la mama mjamzito. Pili, ule mtambo wa pombe ndani ya hema la madaktari, chupa na mirija. Aliusimamisha kwenye picha, akasogea mpaka kwenye kioo, akatoa hukumu kwamba wa mabibo, wa pipa na bomba lililopitishwa kwenye maji, ni bora. Amejuaje, sikumuuliza.

Misimu ya mwishoni imepoa, wakati mwingine wanahubiri. Ila humo kuna kipindi cha saa inayotembea pembeni ya kioo, wana dakika kama ishirini za kuokoa miguu ya kijana, na mshipa wa kuazima utatoka kwa mwenzake ambaye bado hajakata roho. Nilikitazama nimesimama, kama niko kazini.

Diski naazimisha, walioko Chuno hapa Mtwara wananijua. Msimu wa tatu hautoki nyumbani.