Cheti cha kuzaliwa cha mtoto nimekipata kata, bure kabisa, ila soma majina kabla hujaondoka

Wadau, nashea hii kwa wazazi wenye watoto chini ya miaka mitano, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Mtoto wangu wa kwanza cheti chake kilinitoa jasho. Enzi hizo ni mpaka wilayani, ofisi ya DC, nauli kwenda na kurudi na mtoto mgongoni, unafika unaambiwa anayesaini yuko ziarani njoo alhamisi, na alhamisi kwetu ndo gulio sasa nyanya zangu atauza nani? Nilienda mara tatu.

Huyu wa pili nilimpeleka tu kliniki kupima uzito. Nesi akafungua kadi akaniuliza, "Mama, huyu cheti anacho?" Nikamjibu bado, nasubiri nipate hela. Akacheka, "Hela ya nini? Nenda kwa mtendaji wa kata na hiyo kadi, hata hapa tunaandikisha ila leo dada anayehusika hayupo." Nikajua ananitania. Kata yenyewe ni kutembea dakika kumi hivi.

Nimefika, shikamoo mtendaji, marahaba, akaangalia kadi ya kliniki, akauliza majina ya wazazi, akaandika kwa biro taratiibu, mhuri, kisha akachukua simu akaanza kubonyeza, kumbe ndo anatuma taarifa RITA, ule wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi, palepale. Nusu saa nimemaliza, sijatoa hata mia. Akanieleza kwamba RITA peke yao wasingeweza kufika kila kijiji, ndo wakashirikiana na halmashauri, watendaji wa kata na vituo vya afya vikapewa kazi ya kusajili, UNICEF wakasapoti. Mbeya ndo walianza 2013 halafu mikoa mingine ikafuata. Mi naona hapo wametumia akili, maana mtoto lazima aende kliniki chanjo, sasa kwa nini cheti kikae mbali kuliko sindano?

Sasa uzembe wangu. Kwa furaha nikapitia steshenari nikalaminisha, buku imeenda. Usiku baba yake anakisoma kwenye taa, kimya, halafu ananiuliza, "Mama nanii, huyu babu aliyeandikwa hapa ni wa ukoo gani?" Jina la babu limekosa herufi moja! Mtendaji kaandika alivyosikia na mimi sikusoma, nilikuwa nambembeleza mtoto. Nimerudi asubuhi, mzee wa watu kaomba radhi ila akasema kilishaandikwa na kimeshatumwa, marekebisho ni wilayani. Yaani safari ileile niliyokuwa nashangilia kuikwepa! Na usiseme herufi moja si kitu, subiri mtoto afike chuo aombe mkopo, cheti kinahakikiwa RITA na majina yasipolingana na ya shule utamkumbuka huyo babu.

Kwa hiyo ukienda andika majina yote matatu kwenye karatasi kwa herufi kubwa umpe mtendaji anakili, usimtajie kwa mdomo. Na usichelewe, jirani yangu aliposikia ni bure kambeba wa kwake mbio, kufika mtoto ana miaka mitano na miezi miwili, akaelekezwa wilayani na huko ni kulipia. Juzi tumepanda gari moja, yeye na mwanae, mimi na laminesheni yangu.