Kitabu cha jiometri na mkebe wa hesabu: nini ununue kwanza

Kila Januari wazazi wananiuliza swali lile lile, mwalimu mtoto kaingia sekondari nimnunulie kitabu gani cha hesabu, na wengi wanataka jina moja tu waende dukani wamalize. Kwenye aljebra kwa kweli karibu kitabu chochote cha maana kitamsogeza mtoto. Jiometri hapana. Jiometri inasomwa kwa mkono, mtoto achore, apime, afute, achore tena, sasa kitabu kikiwa na michoro mibovu mtoto atakariri maneno tu na mtihani ukigeuza mchoro kidogo anakwama. Nimeona watoto wenye akili kabisa wanaishia kuamini hawawezi hesabu kumbe walikuwa na kitabu kibaya na bikari inayolegea, na hilo linaniuma sana.

Naongelea sekondari za kwetu Tanzania, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Kwa silabasi ya 2005 jiometri haikai sehemu moja, imetawanyika: kidato cha kwanza kuna pembe, mistari na maumbo, cha pili kuna pembetatu zinazolingana na zinazofanana pamoja na Pythagoras, cha tatu kuna duara na dunia kama tufe, cha nne kuna maumbo ya pande tatu. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 nao unaingia kwa awamu, kwa hiyo kabla hujatoa hela uliza shuleni mtoto wako yuko mtaala upi, maana vitabu vyote viwili unavikuta vimepangwa rafu moja na muuzaji hatakwambia.

Ukishika kitabu chochote usianze na kava. Nenda moja kwa moja kwenye duara, tafuta ile theoremu inayosema pembe iliyo katikati ya duara ni mara mbili ya pembe iliyo kwenye mzingo kwa tao lile lile. Kitabu kizuri kinakuchorea zaidi ya mchoro mmoja hapo: kitovu kikiwa ndani ya pembe, kikiwa juu ya mkono wa pembe, na kikiwa nje kabisa. Kile cha tatu ndo kinawachanganya watoto, na vitabu vya haraka haraka vinakiruka. Alafu angalia kama wameonyesha kwa nini ni mara mbili au wametupa sentensi tu wakakimbilia mifano. Kama hawajaonyesha kwa nini, rudisha.

Jaribio la pili, angalia kama mchoro na maelezo yake viko ukurasa mmoja, kwa sababu mtoto anayefunua mbele nyuma kutafuta nukta B iko wapi anachoka kabla hajaelewa. La tatu, chukua protrakta pima pembe moja iliyoandikwa digrii 60 kwenye sehemu ya kuchora na kupima, kama wao wenyewe wamechora 50 bila kusema mchoro haufuati vipimo basi jua hakuna mtu aliyekaa chini akakihakiki. Na pitia mazoezi mawili matatu, ukikuta pembetatu yenye pande 3, 4 na 8 kimbia, pembetatu hiyo haipo duniani, 3 na 4 hazifiki hata 8.

Sasa mpangilio wangu. Namba moja ni kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu, TET, cha kidato husika, kilichochapwa, cha karatasi. Sababu ni kwamba kinafuata silabasi ambayo mtihani wa Baraza la Mitihani, NECTA, unaifuata na mwalimu darasani anakitumia hicho hicho, mtoto hapotei. Mazoezi yake kwa mtoto anayetaka kwenda mbali hayatoshi kwa maoni yangu, ndo maana nakuja na namba mbili.

Namba mbili ni vitabu vya zamani vya mtumba, vile vya miaka ya 1990 na 2000 enzi kampuni binafsi zinaandika vitabu vya kiada. Ukipita kwa wauza vitabu wa barabarani pale Posta, Dar, utavikuta vimechoka kava lakini ndani kuna mazoezi mengi na majibu nyuma, na majibu nyuma ni kitu kikubwa kwa mtoto anayesoma peke yake usiku. Hakikisha tu kurasa za duara zipo, zinachanwaga hizo.

Namba tatu vitabu vya nje. Vya Marekani vinakuwa vinene kwa sababu kule jiometri mara nyingi ni somo zima la mwaka mzima, na kwenye kuthibitisha theoremu hatua kwa hatua viko vizuri kweli, ila vimejaa inchi, na swali la umbali kutoka Tanga mpaka Dar hutalipata humo. Swali hilo kwetu ni la kawaida: miji yote miwili iko karibu na longitudo 39 mashariki, mmoja latitudo 5 kusini mwingine 7, tofauti digrii 2, kila digrii maili za baharini 60, jibu 120. Mtoto mwoneshe kwa chungwa na kalamu, anaelewa dakika tano.

Vijitabu vya pastpepa vilivyojibiwa naviweka namba nne, subiri kidato cha nne. Vingi nilivyoshika vinaandika jibu bila sababu, na kwenye jiometri jibu bila sababu halimfundishi mtoto kitu.

Mwisho kabisa ni pidiefu kwenye simu na fotokopi. Maktaba mtandao ya TET inasaidia sana kusoma bure na naipenda kwa kupitia kitabu kabla hujanunua, lakini huwezi kuweka protrakta juu ya kioo cha simu ukapima. Fotokopi ndo hatari zaidi, wakikupunguzia ukurasa wa A4 ukawa A5 mstari wa sentimita 10 unakuwa kama 7, pembe hazibadiliki ila urefu wote umeharibika, mtoto anapima vizuri kabisa anapewa kosa.

Kingine, vitabu hivi ni vya Kiingereza, na mtoto katoka shule ya msingi anajua msambamba, nusukipenyo, pembe butu, kwa hiyo kikiwa na orodha ya maana za maneno mwishoni kipe maksi za ziada.

Sasa mkebe, na hapa sitaki ubane hela. Afadhali kitabu cha mtumba na bikari mpya imara kuliko kinyume chake. Mwambie muuzaji akupe karatasi, chora duara, alafu bila kubadilisha upana tembeza bikari kwenye mzingo, hatua ya sita lazima irudi ulipoanzia. Isiporudi rudia mara moja taratibu, ikikataa tena basi skrubu imelegea, chukua nyingine. Setiskwea, ile rula ya pembetatu, chora nayo mstari wima, igeuze upande wa pili uchore tena pale pale, mistari ikiachana pembe yake si 90. Rula ya plastiki laini inayopinda acha.

Walimu wenzangu, kama shule haina bikari ya ubaoni, uzi na chaki vinatosha, na kwa Pythagoras wapeleke wakamwone fundi anavyonyoosha kona ya msingi kwa kamba, 3 huku, 4 huku, mshazari 5. GeoGebra, programu ya kuchorea jiometri, nayo ni ya bure, hata simu moja ikipitishwa darasani watoto wanaona pembe ya mzingo haibadiliki ukiivuta nukta kwenye tao.

Penseli nunua ngumu kidogo, 2H kama ipo, na jina la mtoto lichorwe kwa msumari kwenye bikari yenyewe siyo kwenye mkebe, maana bikari ndo inaazimwa ya kwanza.