Kulipia taka kwa simu hapa Moshi: risiti safi, hesabu bado

Nina vyumba sita vya kupangisha hapa Moshi, na ada ya taka ya wapangaji naikusanya na kuilipa mimi. Kulipa kwa kumbukumbu namba kumenipunguzia kelele nyingi.

Zamani kijana wa kikundi cha usafi alikuwa anapita na kitabu cha stakabadhi. Mwisho wa mwezi ukimuuliza mpangaji, "Mama mwenye nyumba, mbona nilishalipa?" Anachomoa kikaratasi kilichofuliwa na suruali, tarehe haisomeki. Siku hizi bili inakuja na kumbukumbu namba yake, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Naingia malipo ya serikali kwenye simu, nathibitisha kiasi, naweka namba ya siri, basi. Hela inapita GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo ulioanza 2017, na kutua kwenye akaunti ya halmashauri bila kukaa mfukoni mwa mtu. Hapo natoa nyota tano.

Kwa mfumo mzima natoa tatu, kwa sababu simu haijui nani anaishi hapa wala kama lori limepita. Mpangaji wangu mmoja alihama, chumba kikakaa kitupu, bili ikaendelea kumhesabu. Kumfuta kulinizungusha kwa mtendaji na kurudi, wakati deni linapanda. Upande wa pili, kuna nyumba ninazoziona kila siku zinatoa viroba na hazijawahi kupata bili hata moja. Sasa ukipanga mapato kwa orodha ya namna hiyo, unapanga hewa.

Tuchukue mfano tu: mtaa wa kaya 300, kila kaya sh 3,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni sh 900,000. Wakilipa nusu, ni 450,000, ila lori halinywi nusu ya dizeli. Linakwenda dampo umbali ule ule. Kwa hiyo linaruka wiki. Likiruka wiki, waliokuwa wanalipa nao wanagoma, na mwezi unaofuata hata hiyo nusu haifiki. Kwetu kikundi kiliwahi kupotea hadi viroba vikaanza kutoa funza, na bili ya mwezi huo ikaja kamili kama kawaida. Nililipa, lakini kwa hasira.

Halafu kuna maganda ya ndizi. Mji huu unapika mtori na ndizi nyama, kwa hiyo taka zetu ni nzito, na masika ndiyo balaa: kiroba kinalowa mpaka watu wawili wanasaidiana kukipandisha. Yaani tunasafirisha maji kwenda dampo. Kwangu maganda yanawekwa ndoo ya peke yake, na jirani mwenye ng'ombe wa ndani anatuma mtoto kuyachukua jioni. Kinachobaki kwa lori ni kidogo sana, ila ada ni ile ile, maana inahesabu kaya, haiangalii kiroba. Ningepunguziwa hata kidogo, wapangaji wote wangetenga bila kusukumwa.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza 1 Julai, na makisio hutengenezwa miezi kadhaa kabla. Mfumo tayari unajua bili ngapi zimetoka na ngapi zimelipwa. Tusomewe hizo namba kwenye mkutano wa mtaa, pamoja na dizeli iliyotumika na safari za lori, ndipo tuongee habari ya kupandisha ada. Mimi sikatai kuongeza, usafi wa Moshi tunajivunia wote. Nakataa kuongezewa ili kufidia majirani ambao hawamo kwenye orodha.

Kwa wenzangu wenye nyumba: mpangaji akihama, pelekeni taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo na mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Mimi bila ile nakala ningekuwa nalipia chumba kitupu mpaka leo.